Kuvu ya Nani

Kazini walimwita Pasi, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza ya kunyooshea nguo kwa dobi aliyefulia hoteli mbili na hospitali moja, na macho yake yalikuwa yamezoea kuona doa kabla ya kuona nguo yenyewe. Shati likitolewa kwenye kapu alishajua: hapa chai, hapa wino, hapa mtu kajifuta mkono akidhani hakuna atakayejua. Kwa hiyo siku aliyosogeza kabati la chumba cha nyuma akitafuta kiatu kimoja cha binti yake, hakuhitaji kuambiwa alichokuwa akikitazama.

Ukuta ulikuwa umeota kuvu. Ilianzia chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu, ikapanda mpaka usawa wa kiuno, nyeusi katikati na kijani pembeni, na ukiikaribia ilikuwa na vinyweleo vyembamba kama vya panya mchanga. Mgongo wa kabati nao ulikuwa umeshikwa. Ndani ya kabati, koti la harusi la mume wake lilikuwa na madoa meupe ya duara kwapani, na lilinuka kama gunia lililosahauliwa.

Alifanya kama ambavyo angefanya kazini. Alivaa glavu, akafungua dirisha, akasugua kwa siki, akasuuza, akakausha kwa kitambaa. Kisha akachora mstari pale kuvu ilipokuwa imeishia, kwa ile chaki ya bluu wanayowekea alama nguo zenye doa gumu. Baada ya siku nane kuvu ilikuwa imerudi, na ilikuwa imeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Akachora mstari mwingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja, fleti mbili juu na mbili chini. Aliijenga baba mkwe wake, na tangu afariki miaka minne iliyopita watoto wake wawili hawakuwahi kukaa chini na kugawana chochote. Mkubwa, mwanamke aliyestaafu ukunga na ambaye kila mtu mtaani alimwita Mkunga, aliishi juu. Ndiye aliyeshika funguo, aliyekusanya kodi na aliyelipia maji. Mdogo ndiye mume wa Pasi, karani wa shule ya sekondari, mtu mpole anayependa kila mgogoro uishe kabla ya chakula cha mchana. Yeye, Pasi na binti yao wa miaka saba waliishi chini. Kila mwisho wa mwezi Karani alipanda ngazi na bahasha. Haikuitwa kodi. Iliitwa mchango.

Fleti ya pili ya chini, ukuta kwa ukuta na yao, ilikuwa ya mwalimu wa hesabu, mpangaji asiye na mke wala kelele.

Pasi alimwonyesha mume wake ukuta. Karani alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akatazama muda mrefu kuliko alivyotarajia mkewe, halafu akasema mambo kama hayo ni ya dada. Basi Pasi akapanda kwa wifi yake.

Mkunga alishuka siku hiyohiyo. Alikuwa mwanamke wa kutenda, wa kukunja mikono ya gauni kabla hata hajajua kazi ni ipi. Aliinama, akanusa, akagusa kwa ncha ya kidole, akajifuta, akatoa hukumu. Hilo, alisema, ni jasho la ukuta. Chumba kimefungwa mno. Nguo zinaanikwa ndani. Tena Pasi mwenyewe anatoka kazini na mvuke umemganda mwilini mchana kutwa, anauleta humu ndani, utakwenda wapi kama si ukutani? Aliyasema hayo bila ubaya wowote, kama anavyomweleza mzazi mpya namna ya kumwogesha mtoto. Kisha akamvuta binti, akamwekea sikio mgongoni, akamwambia avute pumzi. Kwa wiki mbili sasa binti alikuwa na kikohozi kikavu. Mkunga alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umebadilika kidogo.

"Kifua hakijachafuka," alisema, "lakini asilale chumba hiki. Alale chumbani kwenu. Na nyinyi mtunze nyumba yenu, wifi."

Pasi akalishika neno lile, nyumba yenu, akaenda nalo kazini na kurudi nalo. Aliacha kuanika ndani hata siku za mvua. Alifungua madirisha mpaka Karani akawa anakunywa chai amevaa sweta. Kabati alilivuta likasimama katikati ya chumba kama mgeni aliyekosa kiti. Akirudi kutoka kazini alibadilisha nguo barazani, nyuma ya shuka, majirani wakapata la kutazama. Kila Jumapili alipima. Kuvu haikujali. Iliuvuka mstari wa pili, wa tatu, na mwezi wa tatu ulipoisha ilikuwa imemfika begani.

Jambo lililomchanganya zaidi ni kwamba maelezo ya Mkunga yalikuwa ya kweli. Alikuwa anaanika ndani, hilo hakuwa na la kulibishia. Alikuwa anarudi na unyevu. Sasa kama aliyekosea ni yeye, na ameshaacha kukosea, mbona ukuta haujasikia?

Jumamosi moja asubuhi akamwona fundi wa rangi anaingia getini na ndoo mbili na brashi mpya. Moyo ukamtulia. Akakimbia ndani, akaondoa vitu, akatandika magazeti sakafuni, akakoroga juisi kabisa. Fundi wa rangi akapita mlango wake na kugonga kwa mwalimu.

Alipotoka kuuliza, mwalimu alimkaribisha kwa adabu zake zote akamwonyesha. Ukuta ule wa nyuma ulikuwa mmoja, umenyooka toka fleti hii mpaka ile, na kwa mwalimu nako kulikuwa na kuvu, ingawa ndogo, kama sahani. Alikuwa amemwandikia Mkunga barua Jumatatu. Leo Jumamosi fundi amekuja. Pasi akamuuliza barua hiyo aliiandikaje mpaka ikasikilizwa hivyo. Mwalimu akafungua droo, akatoa mkataba wake uliotiwa ndani ya plastiki, akamwekea kidole kwenye kifungu cha saba. Mwenye nyumba atatengeneza kuta, paa na mabomba. Mpangaji atatoa taarifa mapema, atapitisha hewa vyumbani, na hatasababisha unyevu kwa uzembe.

Pasi alikisoma mara tatu. Yeye naye alitoa taarifa. Tena Mkunga mwenyewe alishuka mpaka chumbani akauona ukuta. Akamshukuru mwalimu, akapanda juu.

Mkunga alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli alionekana kushangaa kwamba kulikuwa na swali.

"Mwalimu ni mpangaji, wifi. Nisipomtengenezea ananishtaki. Wewe si mpangaji. Wewe ni mwenye nyumba kama mimi. Mwenye nyumba anamwandikia nani barua?"

Pasi alishuka ngazi akiwa mrefu kuliko alivyopanda. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwa kinywa kwamba ni mwenye nyumba. Usiku hakufanya lolote, lakini Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu yake ya mchana, alimwita kijana mmoja wa kazi za ujenzi aje kubandua plasta iliyooza, kwa kuwa mwenye nyumba haombi ruhusa ya kutengeneza chake. Kijana alikuwa amepiga patasi mara nne au tano, vumbi linaanza kuwasha puani, Mkunga akatokea. Alikuwa ameshuka mbio, na ndala mguu mmoja tu.

Alimwomba kijana asimame kwanza. Kisha akamgeukia Pasi, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko angepaza. Alitaka kujua nani amempa ruhusa kuvunja ukuta wa marehemu. Nyumba ikipasuka huku chini, huko juu nani ataanguka? Mtu anakaa kwa watu, alisema, halafu anabomoa.

Juzi Pasi alikuwa mwenye nyumba, leo anakaa kwa watu, na ukuta ni uleule. Alimtazama Mkunga kama angeona dalili ya mzaha au ya hila. Hakuona. Mkunga alikuwa anaamini yote mawili kwa moyo mmoja. Kijana alikusanya patasi zake akaondoka, akaacha shimo kama la ngumi, na ndani ya shimo matofali yalikuwa yamelowa.

Jioni alimuuliza mumewe: wao ni nani katika nyumba hii? Karani aliyapanga maharage kwenye sahani yake kwa uma, akasema ni swali gumu. Akasema dada ana uchungu na nyumba. Akasema pia Pasi ana haki. Akasema mambo mengine kadhaa, yote ya upole, na alipomaliza Pasi alikuwa anajua kidogo kuliko alipoanza.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya saa mbili kazini akaenda kwenye ofisi ya makazi. Kilikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyofungwa minyororo, kana kwamba mtu aliyekosa nyumba angeiba kiti. Alipofikiwa, ofisa, mwanamama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alivuta fomu yenye safu mbili. Moja iliandikwa Mwenye Nyumba, nyingine Mpangaji.

"Wewe uko upande gani, mama?"

Pasi akasema hajui, ndiyo maana amekuja.

Ofisa alikuwa amezoea watu. Akaweka kalamu chini, akaanza upya, taratibu. Mnalipa kodi? Tunatoa mchango. Kila mwezi? Kila mwezi. Usipotolewa inakuwaje? Haijawahi kutokea. Mna mkataba? Hapana. Hati ya nyumba ina jina la nani? La baba mkwe. Yuko wapi? Amefariki. Mirathi ilifunguliwa? Bado. Ofisa akaandika neno moja upande wa kushoto, akalifuta, akaandika upande wa kulia, akalifuta pia, mpaka karatasi ikawa na doa la kijivu pale katikati.

"Mume wako ni mrithi," alisema mwishowe. "Kwa hiyo ana sehemu. Lakini kwa jinsi mnavyoishi, nyinyi ni wapangaji. Wewe mwenyewe si mrithi, lakini unaishi humo, na mtoto anakohoa. Sasa mimi siwezi kumwandikia barua mwenye nyumba kama mmoja wa wenye nyumba ndiye mlalamikaji. Na siwezi kusema nyinyi ni wenye nyumba, kwa maana hapo hamna wa kumlalamikia."

"Kwa hiyo ukuta hauna mtu?"

"Ukuta una watu wengi mno, mama. Hiyo ndiyo shida yake."

Hata hivyo hakumwacha aende mikono mitupu. Alimpa karatasi ambayo wapangaji na wenye nyumba hujaza siku ya kukabidhiana funguo: hali ya kuta, ya dari, ya mabomba, na kila kasoro iliyokuwepo kabla. Pasi alipoiona alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu kazini kila nguo hupokewa na kikaratasi cha namna hiyo. Kuna mahali pa kuandika doa lililokuja na mteja na mahali pa kuandika lililotokea kwao, na bila kikaratasi kile dobi angekuwa ameshafungwa zamani. Ofisa akamwambia jambo lingine tena, huku akimwita mtu aliyefuata kwenye foleni. Msianze kugombania kuvu. Tafuteni kwanza maji yanatoka wapi. Mkishayajua maji, huenda na mtu akajulikana.

Kwa hiyo Pasi akatafuta fundi mwashi, mzee kidogo, wa maneno machache. Safari hii Pasi alimwomba Mkunga ruhusa kwanza, na Mkunga akasema kwa nini anaombwa ruhusa na mtu wa nyumbani. Pasi akaenda kumwambia fundi aje. Alikuwa ameacha kutegemea kwamba jibu la leo litafanana na la jana.

Ilikuwa Jumamosi, wote wapo. Karani alikuwa uani, nyuma ya nyumba, anaosha pikipiki yake. Fundi aliingia chumba cha nyuma akaupapasa ukuta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Chini palikuwa baridi na bichi. Usawa wa kichwa palikuwa pakavu. Akauliza kama juu ya chumba hiki kuna bafu. Hakuna, akaambiwa. Bomba? Halipiti hapa. Akasema jasho la ndani lipo, ila jasho halianzi miguuni likapanda. Haya ni maji ya ardhini. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, na Pasi akamfuata.

Nyuma, kati ya ukuta wa nyumba na uzio, palikuwa na sakafu ya saruji iliyosawazishwa vizuri, imeinama kidogo kuelekea ukuta wa nyumba. Ndipo pikipiki ilipolala siku zote. Fundi akagonga kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, mpaka sauti ikabadilika. Akapiga magoti.

"Hapa palikuwa na mtaro," alisema. "Umezibwa. Mvua ikinyesha maji yanakuja hapa, yanakosa njia, yananywewa na ukuta. Nani alimwaga hii saruji?"

Pasi alikuwa anataka kusema hajui, na kweli hakujua. Mwaka ule saruji ilipomwagwa yeye alikuwa kwao, anamuuguza mama yake. Lakini aligeuka kumtazama mumewe, na Karani alikuwa ameacha kuosha. Alikuwa amechuchumaa, kitambaa mkononi, na povu lilikuwa linamtiririkia kwenye kiwiko bila yeye kulifuta. Hapo Pasi akaelewa kwa nini siku ya kwanza alisimama mlangoni muda mrefu vile.

"Ni wewe?"

Karani akasema ni yeye. Pikipiki ilikuwa inalala kwenye matope, akaona apatengeneze mahali. Alifanya kwa mikono yake mwenyewe, siku mbili.

"Na ulipouona ukuta, ulijua?"

"Sikujua."

"Ulishuku?"

Karani akakikamua kitambaa. Kisha akasema kwamba mwanzoni alifikiri, lakini dada akaja akasema ni jasho, na dada ameishi katika nyumba hii kuliko yeyote. Baadaye alipofikiri tena, walikuwa wameshaanza kuvutana, mkewe na dada yake, na kila siku aliyopanga kusema ilikuwa tayari imeharibika kwa jambo jingine. Neno likichelewa, alisema, linakuwa zito. Alisema hivyo akiitazama tairi.

Pasi hakupiga kelele. Alijaribu kutafuta hasira yake mahali alipodhani ameiweka, na haikuwepo. Kwa miezi mitano alikuwa amejiona mwenye kosa. Alikuwa amebadilisha nguo barazani. Alikuwa amemchukia Mkunga, kidogokidogo na kwa siri, kwa jambo ambalo Mkunga hakulifanya. Alijihurumia, akamhurumia Mkunga, akamhurumia hata huyu mwanamume aliyechuchumaa na povu lake, na huruma hizo tatu zikagongana ndani yake kama watu wanaopishana kwenye ujia mwembamba.

Mkunga alikuwa ameshafika. Alikuwa amesikia kutoka dirishani. Pasi alitarajia sasa amgeukie ndugu yake, amwulize nani alimpa ruhusa, na sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inaisubiri kwa hamu. Badala yake Mkunga akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nilimwambia," alisema.

Ikawa hivi. Mwaka ule mjamzito mmoja alikuja kumwona, akapita nyuma ya nyumba, akatumbukia mguu mtaroni. Hakuumia sana, lakini Mkunga hakupata usingizi. Alimwambia mdogo wake apafunike pale. Alikuwa na maana ya vifuniko vya zege, vya kuinua na kurudisha. Karani akasema hapana, dada alisema kuziba. Mkunga akasema neno kuziba halijawahi kutoka kinywani mwake. Karani akasema, kwa heshima, lilitoka, na walikuwa wamesimama pale penye bomba la maji. Mkunga akasema bomba hilo halikuwepo mwaka ule. Wakaanza kukumbuka bomba lilifungwa lini, na kila mmoja alikumbuka mwaka wake.

Mwalimu wa hesabu alitokea barazani kwake na kikombe. Alisalimia, akasema samahani kuwaingilia, lakini rangi waliyompakia imeanza kuvimba, kuvu inarudi kwa chini. Sasa angependa tu kufahamu, ili aandike barua sawasawa: tatizo limesababishwa na mwenye nyumba, ambapo ni kifungu cha saba, au limesababishwa na mpangaji jirani, ambalo mkataba wake haukulitaja? Aliuliza bila ubaya. Alikuwa anataka kujua tu, kama anavyotaka kujua jibu la hesabu. Mkunga akamtazama Karani. Karani akamtazama Mkunga. Wote wawili wakawa wanalipima lile swali, mrithi kwa mrithi, dada kwa kaka, mkusanya kodi kwa mtoa mchango, na hakuna aliyeweza kusema ni la nani.

Fundi alikuwa amesubiri vya kutosha. Jua lilikuwa linapanda.

"Mimi nahitaji mtu mmoja aniambie nianze," alisema. "Yeyote."

Pasi akangoja dada aseme, kisha mume aseme. Akafikiri kwamba yeye ndiye asiye na haki ya kusema kuliko wote pale. Si mrithi, si mpangaji, ameolewa tu. Alikuwa bado hajamaliza kufikiri hivyo alipojisikia anasema.

"Anza, fundi."

Fundi akanyanyua nyundo. Hakuna aliyemkataza. Pigo la kwanza lilipopasua saruji, Mkunga aliinuka juu ya ndoo, akaigeuza, akaanza kuokotea vipande.

Kazi ya mtaro ilichukua siku tatu, na Karani aliifanya pamoja na fundi, bila kuambiwa, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ukuta wenyewe ulichukua zaidi ya miezi miwili kukauka. Plasta yote ya chini ilibanduliwa, fleti zote mbili, ikapigwa upya. Kikohozi cha binti kilipungua, kikakoma, na muuguzi wa zahanati alisema huenda ni ukuta na huenda ni msimu tu. Pikipiki ikarudi kulala kwenye matope.

Lakini kuvu haikuisha yote. Kwenye kona ya juu, karibu na dirisha, mbali kabisa na mtaro, palibaki madoa madogo meusi kama punje za pilipili. Fundi aliyatazama akasema haya sasa ni jasho. Ni ya nguo mbichi na dirisha lililofungwa. Pasi alicheka mpaka akashika ukuta. Basi Mkunga alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, ila kwa doa lingine.

Wazo la mkataba lilitoka kwa Pasi. Mkunga aliudhika kwanza, akasema watu wa nyumba moja hawaandikiani. Siku nne baadaye alishuka mwenyewe akauliza kama ile karatasi ya ofisini ipo bado. Waliijaza pamoja, chumba kwa chumba, Mkunga akitaja kasoro kwa usahihi wa mtu aliyezoea kuandika uzito wa watoto. Mwalimu aliwaandikia mkataba kwa mwandiko wake ulionyooka. Mtaro na kuta kwa mwenye nyumba. Hewa na nguo mbichi kwa mpangaji. Kujenga chochote, kwa maandishi ya wote.

Ilipofika mahali pa jina la mpangaji, Pasi alisema aandikwe yeye. Hakuwa na sababu ya kueleza. Alitaka tu kuliona jina lake mahali katika nyumba ile, hata kama ni upande wa kulia wa karatasi. Mkunga akatia saini upande wa kushoto. Karani akabaki ameshika kalamu. Akasoma juu, akasoma chini, akauliza yeye atie wapi. Mrithi haikufaa kumwandika upande wa mpangaji, na upande wa mwenye nyumba dada alisema subiri mirathi. Mwisho mwalimu akamwonyesha mstari wa shahidi, naye akatia hapo, kwa herufi nzuri kabisa za kikarani.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo mlango uligongwa. Kwa miaka yote Mkunga aliingia akiita tu, lakini siku ile aligonga na kusubiri. Alikuwa ameshika nakala yake ya orodha, na alisema amekuja kukagua kuta kama ilivyoandikwa. Alizunguka, akagusa, akaweka alama ya vema. Pasi alimfuata nyuma, mikono mbele, kama mtu anayekaguliwa. Walipomaliza, Mkunga alikunja karatasi, akaitia kifuani, akavua ndala na kukaa mkekani na binti, akaanza kumsuka.

Pasi aliingia jikoni akaweka maji ya chai. Alitoa kikombe cha wageni, akakirudisha. Akatoa cha kila siku. Akasimama nacho mkononi, maji yakichemka, akisikiliza Mkunga akimwambia binti asitikise kichwa, na hakuwa na hakika kama anampelekea wifi yake au mwenye nyumba.